Herufi za Bibi Zimeshikana

Mlingotini, Ijumaa, baada ya Alasiri

Baba,

Leo nakueleza yote, hata yale ya kuchekwa.

Kompyuta yako ipo. Baba mdogo alitaka kuifungua achukue vipuri, akasema, "Mwanaidi, hilo limebaki la kuwekea vikombe." Nikamwomba aniachie mpaka nimalize kazi uliyoiacha: Bibi asome kwenye skrini kwa herufi zake. Unamjua mama yako, alisoma chuo cha Kurani, hati za Kiarabu tu, meseji zake zote husomewa na wengine. Ulimwahidi kwamba mstari wa kwanza utakuwa wako. Ukaondoka hujauandika.

Mashine yenyewe, kama ujuavyo, haina nguvu ya kubeba madirisha na picha. Ina ile skrini nyeusi ya maandishi tu. Nilipoandika jina la Bibi kwa herufi hizo zikatoka alama za kuuliza. Nikakumbuka maneno yako: "Usiigombeze, iulize inaelewa nini." Nikaiuliza. Kumbe mfumo ulikuwa bado kwenye mpangilio wa zamani, wa herufi za Kizungu peke yake! Nikauwekea Yunikodi, ile inayoipa kila herufi ya dunia namba yake. Alama za kuuliza zikageuka visanduku vitupu. Baba, niliruka kwa furaha. Visanduku maana yake sasa inazitambua herufi, ila haina sura zake. Nikaweka fonti.

Herufi zikaja, lakini zinaanzia kushoto. Nikafanya ujanja, nikaandika neno kinyumenyume. Bibi akavaa miwani, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Mjukuu wangu, mbona zimekaa mbalimbali kama ndugu waliogombana msibani?" Kweli, hakuna iliyomshika mwenzake. Baba mdogo akaenda kuchukua bisibisi.

Nikamsihi angoje. Terminali ile, programu inayoonyesha maandishi kwenye skrini nyeusi, ilijua kupanga herufi mojamoja tu. Mwalimu wetu wa kompyuta akanipa kwenye flashi terminali nyingine, inayoanzia kulia na kuziunganisha herufi. Nikaiweka, nikafuta ujanja wangu, nikaandika sawasawa kama tunavyoandika chuoni.

Sikujua ulitaka kuandika nini. Nikaandika lile ulilomwuliza kila ulipoingia mlangoni: "Mama, umekula?"

Bibi alisoma kwa sauti, kidole juu ya kioo. Akasoma tena. Kisha akaijibu skrini, "Nimekula, mwanangu."

Baba... Baba mdogo alitia bisibisi mfukoni, akasema, "Mashine hii asiiguse mtu," akatoka nje haraka tusimwone macho.

Nakuahidi nitamfundisha Bibi kibodi, ajiandikie mwenyewe. Pumzika. Mwenyezi Mungu aliangaze kaburi lako. Mimi mwanao Mwanaidi nina neno moja tu la kukuuliza, nijibu upesi, hata kwa ndoto: ndilo hilo ulilotaka kumwandikia?