Nyuki Wako na Bwawa Jipya

Itigi,
17 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Sostenes,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Na baridi ya Mbeya, bado unalala na koti? Sisi huku ni wazima, ila vumbi la mwaka huu halina adabu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu husikii, unaitikia tu "eeh, eeh".

Nimepata kazi kwa Bhargav, yule kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Singida mjini. Amejenga nyumba ya wageni hapa, jirani kabisa na kichaka chenye mizinga yako, na uani amechimba bwawa la kuogelea. Itigi hii hii, Mjomba!

Mimi nilidhani bwawa unajaza maji, unaruka. Kumbe linaandaliwa. Tulisugua vigae, tukajaza maji ya kisima kirefu, na tulipotia dawa yakageuka rangi ya chai. Nikajua tumeharibu. Fundi akacheka, akasema ni chuma kilichomo kwenye maji yetu. Pampu ikachuja mpaka nikaona vigae vya chini. Nilikuwa nachungulia kila mara, kazi nyingine zikalala.

Ndipo nyuki wako wakaja kunywa bwawani. Porini hakuna hata tone. Kila asubuhi nikawa nawaopoa waliozama, roho inaniuma.

Bhargav hakuzunguka. "Dada Agripina, Jumapili tunafungua. Wakiwa bado wapo, hiyo mizinga iondoke."

Nilishikwa na hofu. Kuihamisha kiangazi hiki ni kuwapoteza wote, na umewatunza tangu sijazaliwa.

Nikawawekea beseni la maji safi. Wakalidharau! Kwa nini waache maji safi wafuate yanayonuka dawa? Nikaweka ufagio chini, nikachuchumaa kuwatazama. Katikati hawagusi. Wanajazana ukingoni, kwenye saruji, pale maji yanapokauka na kuacha weupe. Nikapitisha kidole, nikalamba. Usinicheke. Palikuwa na chumvichumvi.

Basi nikaloweka gunia ndani ya beseni, nikatia chumvi kidogo, na bwawa tukalifunika turubai. Siku ya kwanza hakuja hata mmoja. Ya pili, Bhargav mwenyewe ndiye aliyeniita, "Dada, njoo uone!" Amekunja suruali, amechuchumaa kando ya gunia lililojaa nyuki.

Mpaka leo sijui kama ni chumvi au ni turubai. Wewe unaonaje?

Jumapili watu wakaogelea. Nyuki mmoja akatua kwenye mkono wa Bhargav uliolowa. Hakuutikisa. Nyuki akanywa, akaenda zake. Bhargav akautazama ule mkono, kisha akaniambia taratibu, "Kesho, kabla hujafunua bwawa, jaza kwanza beseni lao."

Mama anakusalimu sana, na Selina pia. Nisalimie wenyeji wako, Joshua na mkewe Luciana. Mungu akuzidishie siku, na akupe usingizi mzuri huko ugenini.

Mpwa wako akupendaye daima,
Agripina