Mpiga Dramu Aliyeambiwa Asipige

Mama Hisano mpendwa, naomba unisaidie kabla bendi haijanifia mkononi. Mimi ni mpiga dramu wa hevi metali hapa Sakai, nina miaka hamsini na moja, nywele zimefika kiunoni ingawa utosini hazipo tena, na tangu ujana kazi yangu ni kupiga mpaka vioo vitikisike, sasa mwimbaji wetu Genta ameamua albamu hii mpya iwe ya nyimbo za polepole tupu, za mapenzi na machozi, nikavumilia, nikapewa brashi laini za kupapasia dramu badala ya vijiti nikavumilia, ila tulipofika wimbo wa sita akaniambia mbele ya wenzangu, “Kaka, hapa usipige. Sikiliza tu mpaka mwisho.” Nikamjibu, “Nisikilize? Mimi mpiga dramu au mpangaji humu?” Fumio wa gitaa la besi akacheka mpaka akakaa chini, nami nikabeba koti langu nikaondoka.

Nyumbani nikamkuta mke wangu Sayoko anakaanga okonomiyaki, zile chapati za kabichi, huku anasikiliza rekodi za majaribio nilizoziacha jikoni, na huyu mwanamke tangu tuoane hajakanyaga onyesho letu hata moja, anasema tunagongana kama masufuria, lakini siku hiyo chakula kinaungua na yeye kasimama tu, machozi yanamtoka. Akaniuliza, “Baba Mio, huyu anayepiga taratibu hivi ni wewe?” Nikamwambia ni mimi. Akasema, “Mbona siku zote umenificha huyu?”

Nikazima jiko, mama. Sasa Genta amesema nisiporudi Jumamosi watatumia dramu za kompyuta, mashabiki wetu wa zamani wananiita muuza usingizi, na Sayoko naye ameapa kwenda onyesho letu la mtaa wa Namba, niwepo nisiwepo. Nirudi nikadhalilike, au niache?

Baba Mio, Sakai

*

Baba Mio, pole. Kuambiwa unyamaze mbele ya wenzako kunauma, na huyo Fumio angeweza kucheka kwa adabu.

Lakini hebu acha kudeka! Mcheza kwao hutunzwa, na wewe umetunzwa machozi ya mkeo jikoni, bado unauliza kama umedhalilika? Hukuondoka studio kwa sababu nyimbo ni za polepole. Uliondoka kwa sababu kelele zikipungua utasikika, na unaogopa. Mkeo ameshakusikia, na hajakimbia.

Mashabiki waache waseme. Nawajua hao wanaume wa fulana nyeusi. Wimbo wa pili tu watakuwa wanafuta macho kwa mikono ya fulana hizohizo.

Mpigie Genta leo. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Mwambie, “Jumamosi nakuja, zima hiyo kompyuta,” kisha kata simu kabla hujaanza hotuba. Wimbo wa sita weka brashi chini usikilize, maana mashine inaweza kupiga, lakini haiwezi kungoja. Halafu omba mwisho wa onyesho mpige wimbo mmoja wa zamani kwa nguvu zote, na Sayoko mpe vizibo vya masikio mapema.

Lakini kwanza, leo, mkalishe mezani. Mpigie ule wimbo uliomliza, kwa vidole. Taratibu, baba, usije ukavunja meza.