Mume Wangu Ndiye Aliyemzulia Loisi Muuza Maziwa

Bi Ritha, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Chang'ombe, Dodoma, na nimeamua kusema ila sijui nianzie wapi, maana nikisema namvunjia mume wangu heshima na nikinyamaza namdhulumu mwenzangu. Mume wangu ana duka, na tangu anunue simu ya mkononi watu wanajaa barazani kumuuliza, "Leo umepata nini?" naye anafurahi kweli, basi mwezi uliopita akapata ujumbe kwamba kuna maziwa mjini yametiwa dawa ya kuhifadhia maiti, akaogopa kwa ajili ya wanetu, akawatumia wote anaowajua, lakini ujumbe ule haukutaja mtu, jina aliliongeza yeye, la Loisi, anayetuletea maziwa kutoka Chamwino, ambayo wanangu wanayanywa tangu waachishwe ziwa bila hata kuumwa tumbo. Vijana wakamzuia njiani, wakamwaga maziwa yake na kumpiga, akaja kwangu kanga imechanika, akaniuliza, "Dada, nimemkosea nani?" na tangu hapo hajaonekana mjini. Nilipombana mume wangu akasema, "Bila jina nani angeshtuka? Na nikikanusha sasa, nani ataniamini tena?" Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Chang'ombe

Marahaba, mwanangu. Jina la mumeo nimeliondoa. La Loisi nimeliacha kusudi, ili Dodoma nzima isome kwamba hana kosa.

Pole, lakini nitakusema. Mama wa watu kapigwa, wewe bado unafikiria heshima ya duka? Mumeo hakuanza kwa ubaya. Aliogopa, na mwenye hofu hataki kubaki nayo peke yake. Tena anapenda kuwa wa kwanza kujua. Wengi wetu tuko hivyo, ndiyo maana uongo unaenea upesi. Ila alipoongeza jina ili aaminike, hakuwa anaokoa mtoto wa mtu. Alikuwa anatafuta sifa. Mwambie hivyo hivyo, usimbembeleze.

Jumamosi nendeni Chamwino wote wawili. Amwombe Loisi radhi mbele ya watu wa nyumbani kwake, asijitetee. Wale vijana wapelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Kisha awatumie watu wale wale ujumbe: "Jina la Loisi nililiongeza mimi. Nilikosea." Watakaocheka wacheke.

Akikataa, usigombane naye. Nenda peke yako, na ukirudi simama pale barazani uwaambie wateja wake kwa mdomo wako mwenyewe.