Siku Uliyoniandikia Kwamba Unaoza

Baba yangu mpenzi,

Jana darasani nilikuwa nikifundisha kitenzi "oza". Nilianza na tunda, nikaenda kwenye jino, na nilipofika kwa baba anayemwoza binti yake, kicheko kikanishika. Nikatoka nje nikajifanya nakohoa. Ningewaelezaje watoto wa watu habari zako?

Unakumbuka ulivyojikata mguu kwa jembe kule shambani Ngao. Nami nilikuwa nimeanza kazi Hola, kila tukizungumza kwa simu nakusihi, "Baba, kioshe hicho kidonda, kitaoza!" Wewe unajibu, "Kitapona chenyewe, kina haraka gani?"

Ndipo Ijumaa jioni ukaniletea ujumbe: "Njoo kesho bila kukosa. Naoza."

Nilipiga simu yako, haipatikani. Baadaye nilijua ilikuwa dukani ikichajiwa. Ya mama nayo ilikuwa imeanguka mtoni wiki ile. Basi nikalia, kisha nikampigia Komora, yule tabibu niliyekuwa nikikuficha miezi minane. Hakuuliza maswali. Alijaza begi bandeji na dawa, na alfajiri tukashika njia kwa pikipiki yake.

Tulipofika nyumbani nikaona turubai, masufuria, wanawake wanakata vitunguu huku machozi yakiwatoka. Nikajua nimechelewa. Nikajitupa chini katikati ya uwanja nikapiga ukelele:

"Baba yangu! Ameoza baba yangu!"

Visu vyote vilisimama. Ukatoka ndani umevaa suti, mguu mmoja kiatu, mmoja ndara.

"Nani kafa?" ukauliza.

"Si wewe uliyeandika unaoza?"

"Namwoza dada yako! Likizo ya mumewe imekatwa, harusi tumeivuta iwe leo."

"Sasa si ungeandika namwoza!"

"Herufi mbili tu zimekushinda," ukasema, "na wewe ndiye wanayekupa watoto uwafundishe Kiswahili?"

Dada Habona alichungulia dirishani na hina yake mikononi, akacheka hadi wanja ukamwagika mashavuni. Wakampaka upya.

Komora maskini hakujua asimame wapi. Akaona bora afanye kilichomleta. Akapiga magoti mbele ya wageni wote, akakuvua ndara, akafungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kimekauka. Hata hivyo alikiosha na kukifunga bandeji ndefu mno, maana aliogopa kuinua uso.

"Kijana," ukamwambia, "umetoka Hola kwa pikipiki kuja kutibu kidonda ambacho hujawahi kukiona?"

"Ndiyo, mzee."

Ulimtazama, ukanitazama. Kisha ukageuka kwa mama, na sauti yako hukuipunguza hata kidogo. "Mama Habona, mguu wangu uko salama. Huyu hapa ndiye amekufa ameoza."

Nilitamani ardhi inimeze, baba. Komora alikula pilau siku ile akiwa amekaa kati ya wajomba watano, kila mmoja akimuuliza ukoo wake.

Mwaka uliofuata zamu yangu ilipofika, uliwaandikia jamaa wote: "Jumamosi namwoza mwanangu mdogo. Mimi mwenyewe ni mzima."

Ulipotutoka, mama alikataa kwenda shamba. Ndizi ziliiva, zikapasuka, zikaozea migombani hadi majirani wakalalamikia nzi. Nilipomsemesha alinijibu, "Ziache zioze. Aliyezipanda hayupo." Usiku nilimsikia akikohoa chumbani kwenu na nikajua si kikohozi.

Komora ndiye aliyechukua panga asubuhi moja. Unamjua, kilimo hakijui hata cha kuigiza. Akauacha mgomba wenye ndizi mbivu, akaangusha ule uliokuwa umetoa ua tu. Mama aliusikia mshindo kutoka jikoni. Alitoka mbio, leso inamdondoka, hajawahi kukimbia hivyo tangu nimjue.

"Wee! Huo ni mchanga! Nani kakupa panga wewe?"

Akamnyang'anya, akaingia migombani akimtukana mkwewe kwa Kipokomo hadi jua likawa utosini. Tangu siku hiyo hakosi shamba. Jana kaniletea mkungu mzima, na amemkataza Komora asiuguse.

Pumzika, baba. Huku tunakucheka na kukulilia siku hiyo hiyo.

Ni mimi, kitinda mimba wako