Pikapu ya Mzee wa Umoja

Dandora, Nairobi
Agosti 1996

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka, au ulimpa jirani kama kawaida yako? Sisi huku tu wazima, ila watoto wanakohoa kwa moshi wa jaa la takataka, na maji ya mfereji huja yanapotaka. Tumezoea.

Leo nina neno zito. Wafula ndugu yangu, msomee Mama lote, usiruke mstari.

Ile kazi ya kupeleka kabichi na sukuma wiki kwenye shule mbili za huku, karibu niipoteze. Mwenye gari ninalokodi huja akijisikia. Juzi wanafunzi walikula maharagwe matupu, na mpishi mkuu akaniambia wazi, "Mama Simiyu, ukichelewa tena nampa mwingine." Kazi hiyo ikienda, masomo ya watoto yamekwenda nayo. Basi nikaamua kutafuta gari langu mwenyewe.

Mutua, fundi tunayesali naye, akanipeleka Umoja kwa mzee mmoja anayeuza pikapu kwa bei ya chini. Tulifika asubuhi bila kumwarifu, maana wauzaji wengine huipasha injini moto mapema ili mnunuzi aone inashika haraka. Nikagusa boneti, baridi. Ikawashwa, ikakohoa, ikashika. Mutua akalala chini yake, akaibuka na uso mweusi kwa oili.

"Dada, sakafu imeoza, rejeta inavuja maji, na gia ya pili ni mbovu. Utatoboka mfuko. Lakini injini ni nzima kabisa."

Nikauliza mbona bei iko chini hivyo. Mzee akasema anarudi kwao tu, hana haja nayo. "Na haijawahi kubeba maiti," akaongeza, wala hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilikuwa nimezunguka nyuma. Nikaona ile reli iliyochomelewa vibaya, na chini yake maneno MUNGU MBELE, herufi G imefutika. Mama, nikarudi mbele kwa mzee.

"Mzee, usinidanganye," nikamwambia. "Mimi nilikaa humu nyuma na jeneza la baba yangu."

Akageuka kutazama matairi. Kisha bei ikashuka zaidi, na sikuwa nimeomba.

Ndiyo, Mama. Ni hiyo hiyo ya mwaka juzi, ila siku ile dereva alikuwa mwingine. Najua utasema gari la maiti halibebi chakula, na Senge, dada yake Baba, ataongeza chumvi. Nami nililia, sikufichi. Lakini nimepima. Nikinunua gari nisilolijua, naweza kuuziwa ubovu uliopakwa rangi. Hili ubovu wake naujua, na nguvu zake pia nazijua. Lilipanda mlima wa Timboroa kwenye mvua, Baba yumo, sisi tumejazana kando yake, na halikuzima hata mara moja. Wangapi walituahidi magari wakajificha? Hili lilikuja, likamfikisha Baba kwake. Sasa laana iko wapi hapo? Mimi siioni.

Gia itatengenezwa, sakafu itachomelewa, na mchungaji ataliombea. Nimeshamlipa mzee, kwa hiyo usitume mtu kunizuia.

Nisalimie Senge, umwambie asianze vita kabla sijafika. Msalimie pia jirani anayekuletea maziwa. Wafula, viatu vyako nimeviweka.

Desemba nitakuja nalo, nikiendesha mwenyewe. Leseni ninayo, ingawa mlinicheka. Mara ya mwisho ulipolisikia likiingia uani, ulikimbia nje umeshika kichwa. Safari hii toka polepole, usije ukaumiza goti. Nyuma kutakuwa na kabichi tu, Mama, na kiti cha mbele ni chako.

Ni mimi binti yako mbishi,
Nekesa