Betri Ziliisha Wimbo wa Nne

6 Machi 2009

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Jana amenigombeza tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Mimi bado niko duka la miwani, nasugua vioo vya watu ambao hata wakivivaa hawanioni.

Habari kubwa: bendi yetu inarudi! Usiruke, wenyewe hawarudi, wengi wako makaburini. Tunaorudi ni sisi mashabiki. Katibu, yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akicheza peke yake mbele ya jukwaa mpaka shati linalowa, ametukusanya. Watoto wa Vidole wamempa gitaa la marehemu baba yao, lile jeupe, pamoja na amplifaya yake. Tarehe 18 Julai tutaviweka ukumbini watu wavitazame, na kutwa nzima tutasikiliza kanda tulizorekodi wenyewe kwenye maonyesho. Kila Jumapili tunakutana kwangu kuzichagua. Juzi tulisikiliza wimbo mmoja kutoka maonyesho sita. Siku moja waliupiga dakika nne, siku nyingine dakika thelathini na nane, na watu wazima wenye wajukuu wakagombana ni lini Vidole alikata kona na gitaa lake vizuri zaidi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kanda zako kumi na mbili ninazo. Ya kumi na tatu, ya onyesho la mwisho, uliondoka nayo. Hakuna mwingine aliyerekodi siku ile umeme ulipompiga Vidole jukwaani. Tafadhali itume.

Na anayeitaka kuliko wote ni Fundi, yule aliyekuwa akifunga vyombo vya bendi. Siku hizi anatengeneza pasi na feni mtaa wa pili. Deki yangu ya kaseti ilikufa, akaifufua, akaniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Akasimama pale anafuta mikono isiyo na uchafu. "Ile ya mwisho unayo?" akaniuliza. Katibu ameshaandika kadi ya kuweka chini ya gitaa: "Lilinyamazishwa na uzembe wa fundi." Imeniuma, kaka.

Mdogo wako.


2 Aprili 2009

Mdogo wangu Kasuku,

Marahaba, marahaba sana. Hujambo? Mama hajambo? Mwambie goti alifunge kitambaa cha moto na mdomo aufunge kidogo pia, ila usiseme ni mimi niliyesema. Huku wote wazima, namshukuru Mungu. Mkubwa amenipita urefu na sasa ananiita "mzee". Barua yako nimeisomea ndani ya lifti iliyokwama. Ndiyo sehemu pekee kazini ambapo hakuna wa kunisumbua, maana aliyeikwamisha ni mimi mwenyewe, fundi wa lifti.

Kuhusu ile kanda, pole, imeharibika. Unyevu. Ukiicheza unasikia kama mtu anasukutua. Nafikiri nilishaitupa, na kama sikuitupa basi ilipotea tulipohama. Halafu, mdogo wangu, ya nini kuchokonoa? Vidole amekufa miaka tisa iliyopita, na kilichomuua ni sukari. Maji yakimwagika hayazoleki. Fundi mpe chai, mpe pole, aende zake. Chezeni hizo kumi na mbili, nilizirekodi kwa jasho langu, zinatosha kabisa.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Kaka yako.


19 Aprili 2009

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo, goti la mama linaendelea vizuri.

Njia ya mwongo fupi, na yako haikufika hata getini. Nimempigia wifi. Kanda iko kwenye droo yako ya soksi, ndani ya mfuko, na kila mkihama huwa unaibeba wewe mwenyewe, kabla hata masufuria hayajafungwa. Hajui ni ya nini. Amempa jirani yenu anayekuja huku wiki ijayo. Usimgombeze, nilimdanganya kwamba umeshakubali. Dhambi ni yangu.

Nieleze unaficha nini. Au basi, nikueleze mimi kwanza alichonieleza Fundi.

Mkewe alikuwa dada yake Vidole. Ulijua? Mimi sikujua. Baada ya siku ile mkono wa kushoto wa Vidole haukushika tena hata kijiko, seuze gitaa. Walipokagua, wakakuta plagi ya amplifaya iko kwenye ekstensheni ya ukumbi, ya kuungaunga, isiyo na waya wa ethi wa kupeleka umeme mbaya ardhini. Fundi akasema aliichomeka kwenye soketi yake mwenyewe, yenye ethi. Nani angemsikiliza? Watu wakasema amekosea, bendi ikasema amekosea, mwisho mkewe akasema amemlemaza kaka yake, akachukua watoto wawili akarudi kwao.

"Miaka ishirini na sita naichomeka ile plagi kichwani," ananiambia. "Siku nyingine naiona inaingia kwangu. Siku nyingine naiona inaingia kwenye ile mbovu. Sasa sijui tena, mwanangu."

Anasema akilisikia gitaa atajua. Bila ethi linavuma hata lisipoguswa. Naogopa, kaka. Kanda ikisema ni yeye, nitakuwa nimemwita mzee wa watu kwangu aje ahukumiwe na masikio yake mwenyewe.

Mdogo wako.


3 Mei 2009

Mdogo wangu,

Hamjambo? Sisi hatujambo.

Kanda ikifika usiicheze. Nakuomba kama kaka yako. Usimpe Fundi, usimpe Katibu, iweke tu mahali mpaka niongee nawe. Nimekupigia mara tatu, nikakata kabla hujapokea. Chakula hakipandi. Wifi yako ananiuliza nina nini, namwambia ni kazi.

Tafadhali, Kasuku. Usiicheze.

Kaka.


17 Mei 2009

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimeshaicheza, wiki nzima sasa.

Fundi alikuja Jumapili saa nane, shati limenyooshwa mpaka kola inasimama. Nilimpa kiti akakataa, akakaa sakafuni karibu na spika, kama alivyokuwa akikaa nyuma ya jukwaa. Katibu alikuwepo, amenuna, mikono kifuani. Nikabonyeza.

Haijaharibika hata kidogo, kaka. Wimbo wa kwanza ulipoisha, kabla watu hawajapiga makofi, Fundi akainua kidole. Kimya. Gitaa lipo, limewashwa, na halivumi. "Ethi ipo," akasema polepole, kama anaogopa kuifukuza. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ukaanza kwenda mbio. Wa nne sauti zikawa nyembamba kama za watoto wa chekechea, Katibu mwenyewe akacheka. Halafu ikakatika.

Iliporudi ilikuwa baada ya mapumziko. Mwendo sawasawa, sauti safi. Na chini yake, mmmmm, kama nyuki ndani ya kopo. Fundi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Niliichomeka," akasema. "Niliichomeka mimi. Niliichomeka!" Alisema mpaka tulipofika pale watu wanapopiga kelele, nikazima. Alilia bila kujificha, kaka, mzee wa miaka hamsini na tano. Katibu akamshika bega, akauliza, "Basi nani aliihamisha?"

Walipoondoka nikaosha vikombe. Hapo ndipo nikazikumbuka zile sauti nyembamba. Ulinifundisha mwenyewe: betri zikilegea, rekoda inarekodi polepole, ukija kuicheza watu wanakimbia. Betri zako ziliisha wimbo wa nne. Mapumzikoni ulinituma nikatafute nyingine, nikarudi mikono mitupu, Jumapili maduka yamefungwa. Ukaniambia nisijali.

Nusu ya pili imerekodiwa vizuri kuliko kanda zako zote. Rekoda yako ilipata wapi umeme?

Mdogo wako.


8 Juni 2009

Kaka,

Shikamoo. Siku ishirini na mbili sijasikia neno lako.

Fundi anapita dukani kila siku, anajifanya amekuja kupimwa macho. Ameshapimwa mara nne, macho yake mazima. Ananiuliza kama nimekumbuka aliyekuwa nyuma ya jukwaa siku ile. Nimemwambia hapana mara nne. Silali vizuri. Usinifikishe ya tano.

Mdogo wako.


10 Juni 2009

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Hii ni barua ya saba, sita nimezichana.

Ndiyo. Ni mimi.

Mapumzikoni nilipita nyuma ya jukwaa, walinzi walikuwa wamenizoea. Soketi ya Fundi ilikuwa imejaa. Nikachomoa plagi ya amplifaya, nikachomeka rekoda yangu pale, na ile plagi nikaihamishia kwenye ekstensheni ya ukumbi. Taa ya amplifaya ikawaka, nikaona mambo safi. Vidole alipoanguka nikachomoa rekoda, nikaiingiza ndani ya koti, nikakushika mkono tukakimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, Kasuku. Ethi sikuijua hata kwa jina. Niliipenda bendi ile kuliko mtu yeyote, nilitaka tu tusiikose nusu ya pili. Na ekstensheni mbovu haikuwa yangu, ukumbi ndio ulioiacha pale. Miaka mitatu baadaye, siku ya kwanza ya mafunzo ya lifti, mwalimu akachora waya wa ethi ubaoni akatueleza kazi yake. Wenzangu wakawa wanaandika. Mimi nikaomba ruhusa, nikaenda chooni nikatapika. Kila lifti ninayofunga naikagua ethi mara tatu, wenzangu wananitania. Sijui nitaishi vipi watoto wangu wakijua.

Mwambie Fundi utakavyoona inafaa. Labda usimwambie yote. Mwambie alikuwa shabiki fulani, basi.

Nisamehe.

Kaka yako.


24 Juni 2009

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, sijamwambia.

Nimemsomea Fundi barua yote, hata pale uliposema nisimwambie yote. Nilimkuta kwenye chumba chake cha kazi, amefungua pasi, skrubu amezipanga kwenye kifuniko cha chupa. Hakuacha kazi. Nilipofika kwenye plagi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia.

Nilipomaliza akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Mimi nilikuwa na ishirini na tisa," akasema. Akatafuta skrubu moja, akaikaza.

Kisha akasema hivi, nami nimeyaandika palepale nisije nikayapunguza: "Mwambie aandike tena. Aondoe umri wake. Aondoe ekstensheni ilikuwa ya nani. Aondoe alivyoipenda bendi. Kitakachobaki, anitumie. Nakala moja ya Katibu, moja ya mama watoto wangu. Yuko hai, na wanangu ni watu wazima sasa, hawajawahi kula kwangu."

Nilimuuliza kama atakusamehe. Akachukua skrubu nyingine, na mimi nikaona haya kwa kuuliza.

Sasa langu. Tulipokuwa tunakimbia nilihisi kitu kigumu ndani ya koti lako, kinanigonga mbavuni. Nilijua ni rekoda. Sikujiuliza kwa nini unaificha, wakati siku zote ulikuwa unaibeba mkononi kwa maringo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na tazama, na mimi nimeshaanza kutaja umri. Nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Jana nikamwona mteja ana mgongo kama wako, nikaenda stoo nikalia kwa kukukumbuka.

Katibu anasubiri barua yako mpaka tarehe 16 Julai. Ile kadi bado iko mezani kwake.

Mdogo wako.


3 Julai 2009

Kwa mama wa watoto wa Fundi. Nakala kwa Katibu.

Siku ya onyesho la mwisho Fundi aliichomeka plagi ya amplifaya mahali pake, penye ethi. Wakati wa mapumziko mimi niliichomoa, nikachomeka rekoda yangu, na plagi yake nikaihamishia kwenye ekstensheni mbovu. Kwa sababu hiyo umeme ukampiga kaka yako, Vidole. Nilikimbia. Miaka mitatu baadaye nilielewa nilichofanya, nikanyamaza miaka mingine ishirini na mitatu, huku nikijua mwingine analaumiwa.

Fundi hakukosea.

Mwenye rekoda.