Fomu ya Mashoto

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, na mama pia, ambaye najua atataka umsomee barua hii kwa sauti. Naomba uisome kwanza peke yako. Goti lake linaendeleaje? Mwambie nimeuliza, na kwamba kupanda ngazi kwa kujifanya msichana si dawa. Mimi mwili wangu ni mzima. Ya moyoni utayaona huko chini. Ningeweza kupiga simu, lakini ungenisikia nikilia na ungeanza kunibembeleza wewe, maana ndivyo ulivyo.

Ujumbe wako niliusoma jana kazini, nikausoma tena chooni nilikojifungia. Umeniandikia aliyokwambia daktari, kwamba mwanao ana mtindio wa ubongo, na kwamba ni upande wa kulia, mkono zaidi kuliko mguu. Ukaniuliza mambo mawili: kama uliuumiza mkono huo kwa kumfunga mgongoni, na kama mimi mama yake mkubwa nitakubali kumfanyia mazoezi, kwa kuwa humwamini mtu mwingine.

La kwanza nakujibu kwa ukali wangu wa kawaida. Hapana, na usirudie kuniuliza. Hukumbana, hukumlaza vibaya, hukula kitu cha kumdhuru. Ubongo uliumia mapema, kabla hujamshika hata mara moja. Acha kujitesa.

La pili ni refu. Unajua watu wa nyumbani wanavyonicheka, eti nimesoma miaka minne ili nitikise kayamba. Hawajakosea sana. Namketisha mtoto kwenye mapaja ya mama yake, mbele ya meza ndogo. Naweka kayamba katikati, kisha kulia, kisha kushoto. Natazama ni mkono upi unatangulia, vidole vinafunguka vipi, kama dole gumba limejificha ndani ya ngumi. Kila mkono naupa alama zake kwenye fomu. Mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili, tena kwa fujo. Anayechagua mmoja na kuusahau wa pili kabla hajatimiza mwaka, huyo tunamwangalia kwa makini.

Unaikumbuka ile Jumapili mwanao alipokuwa na miezi mitano? Mlikuwa kwenye kochi, yeye mapajani mwako. Nilivua shanga zangu za mbao nikamning'inizia. Akazidaka kwa mkono wa kushoto. Nikazihamishia kulia kwake, akajipinda mwili mzima kuzifuata kwa kushoto kulekule, na ule wa kulia umekunjwa ngumi ubavuni. Mama akapiga makofi, akasema mkono wa baba umerudi nyumbani, mkono ulioshika msumeno kwa kushoto miaka yote ya useremala wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike baba. Nawe ulicheka mpaka machozi, wewe uliyeharibikiwa na mimba mbili kabla ya huyu. Ndipo mimi nikamwita Mashoto. Jina likanoga, kila mtu akalidaka, na shemeji akaliandika kwenye kikombe chake cha uji.

Mdogo wangu, siku ile nilijua.

Shanga zile nilimpa mara tatu, na wala sikuwa nacheza. Kesho yake asubuhi, kabla ya mama wa kwanza kuingia kliniki, nilijaza fomu. Jina la mtoto: Mashoto. Nilipomaliza kujumlisha alama nikaitia kwenye droo, chini ya boksi la glavu. Nikajiambia nitakueleza wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika, goti la mama likavimba. Baadaye nikasema aote meno kwanza. Kila picha uliyonitumia nilitazama mkono kabla ya uso, kisha nikakujibu kwamba ananenepa.

Mwezi uleule alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi tisa, nikamgombeza mbele ya wenzake, nikamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Akainamisha kichwa, akasema nyumbani kwao hakuna aliyejua. Nilimgombeza nimeegemea droo ile.

Ni miezi saba sasa tangu Jumapili ile. Katika umri ule ubongo bado unajifunza haraka. Tunauvisha mkono ulio mzima soksi nusu saa kila siku, tukicheza naye, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Huenda mkono wake ungepona kidogo, huenda zaidi. Sijui, na sasa hakuna atakayejua. Hilo ndilo linaloniua. Niliogopa kuzima kicheko cha siku moja, nikamlipisha mwanao.

Kwa hiyo si mimi wa kukubali au kukataa. Mwenzangu wa chumba cha pili ana mikono ya upole kuliko yangu, nimemweleza kila kitu, anakungoja Jumatatu. Ukitaka niwepo, nitakuwepo. Ukitaka nikae mbali, nitakaa. Soksi anza leo, usimsubiri mtu.

Fomu nimeikunja humu ndani, ni yako. Safu ya mkono wa kulia imejaa sufuri, ila kwenye mstari wa mwisho utaona alama moja. Ulipokuwa unamtekenya, alifungua vidole viwili vya mkono ule akashika pindo la gauni lako. Hamkuona, mlikuwa mnacheka. Mimi niliona, nikaandika. Alikuwa anajaribu tangu siku ile.

Jina la Mashoto nalirudisha. Mwiteni kwa jina mlilompa nyinyi wazazi wake. Hilo langu nilijizibia nalo mdomo tu, nisiseme nilichokiona.

Nisalimie shemeji, nawe jitahidi kula. Sasa unaweza kumsomea mama. Na mwanetu, kama bado unaniruhusu kumwita hivyo, nibusie mkono wa kulia.

Ni mimi,
Dada yako